Kupe wakubwa wa kijivu na wadogo wa kahawia: ni jamii tofauti au ni ukubwa tu?

Mfugaji wa Handeni

Habari zenu ndugu wafugaji na wataalamu wa mifugo. Ninafuga ng'ombe 22 wilayani Handeni, wengi wao wa kienyeji na chotara wachache. Mwezi uliopita nilipoteza ndama wawili kwa ndigana kali, na tangu siku hiyo nimeazimia kuwafahamu kupe wa zizi langu kabla sijanunua tena dawa ya kuogeshea.

Jana asubuhi nilimfunga mtamba mmoja, nikamkagua kuanzia masikioni hadi chini ya mkia, nikawatoa kupe kwa kibano na kuwapanga kwenye sahani nyeupe ya bati. Nimewagawa kwa ukubwa. Wapo wanaolingana na punje ya kunde, wa kijivu, wamevimba kiasi kwamba miguu yao haionekani vizuri. Wapo wadogo bapa wa kahawia, kama punje ya ufuta. Na wapo wawili wenye michoro mgongoni. Je, hizi ni jamii tatu? Na ukubwa unatosha kunieleza ni yupi anayeleta ndigana kali?

Afisa mifugo mstaafu

Ndugu Mfugaji, pole sana kwa kupotelewa na ndama wako. Swali lako ni la msingi, lakini nakuomba uwachanganye tena kupe wako kwenye sahani, kwa sababu ukubwa ndio kipimo kinachowapotosha wafugaji wengi kuliko vyote.

Mtazame kupe kwa juu, nyuma tu ya kichwa, utaona bamba gumu linalong'aa, ambalo tunaliita ngao. Kwa dume ngao hiyo inafunika mgongo mzima, hivyo hata akinywa damu hawezi kuvimba sana. Kwa jike ngao ni kipande kidogo cha mbele, na sehemu yote iliyobaki ni ngozi inayotanuka, ndiyo maana jike mwenye urefu wa milimita 3 anaweza kushiba akafikia sentimita 1. Kwa hiyo yule wa kijivu kama kunde na yule wa kahawia kama ufuta wanaweza kuwa jike na dume wa jamii moja. Zaidi ya hayo, kupe huanza maisha akiwa lava mwenye miguu sita, kisha huwa nimfu mwenye miguu minane, na nimfu aliyeshiba hudhaniwa kwa urahisi kuwa kupe mzima wa jamii ndogo.

Kisichobadilika kupe akishiba ni ngao, mdomo na miguu, na mimi huanza na mdomo. Kupe wa masikio, ambaye ndiye anayeeneza ndigana kali, ana mdomo mfupi unaoonekana wazi kwa mbele, mwili wa kahawia unaoelekea wekundu, na miguu ya rangi hiyo hiyo. Dume aliyekwisha kunywa damu huchomoza kijimkia chembamba nyuma. Kupe wa buluu ana mdomo mfupi zaidi, karibu usiuone bila kioo cha kukuzia, na miguu myembamba iliyopauka. Huyu huambukiza ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Kupe mwenye madoa ni mkubwa kuliko hao wote: kabla hajanywa damu ana takriban milimita 6, jike wake aliyeshiba hulingana na zabibu, na mdomo wake ni mrefu, unazama ndani ya ngozi na kuacha kidonda kwenye kiwele au kwapani. Ndiye anayeleta ugonjwa wa moyo kujaa maji. Ukimvuta huyo kwa pupa mdomo hukatikia ndani ya ngozi, na hapo umepoteza alama yako kuu ya kumtambua; mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute taratibu.

Ukimwona mwenye miguu myekundu inayong'aa kama imepakwa rangi na mgongo mweusi, aghalabu chini ya mkia, huyo ni jamii nyingine, na nimfu wake hujificha ndani kabisa ya tundu la sikio.

Mfugaji wa Simanjiro

Nakubaliana na Afisa, ila naongeza tahadhari kuhusu hao wawili wenye michoro. Huku kwetu tuna kupe tunayemfananisha na pundamilia: dume ana mgongo mweupe wa rangi ya pembe ya ndovu wenye mistari ya kahawia iliyokolea, na hukaa masikioni na tumboni. Watu wengi wakiona michoro tu husema ni kupe mwenye madoa. Ndugu yangu, angalia rangi na mdomo kwa pamoja. Mwenye madoa ana rangi ya chungwa au shaba na mdomo mrefu; pundamilia ana weupe na mdomo mfupi, kwa sababu yeye ni ndugu wa karibu wa kupe wa masikio. Wapo pia kupe weusi wenye mdomo mrefu wasio na mchoro wowote mgongoni, ila miguu yao ina pete za rangi ya maziwa kwenye viungo.

Mfugaji wa Handeni

Nawashukuru sana. Nimeazima kioo cha kukuzia na kurudia kazi yote. Wa kijivu kumbe hawakuwa jamii moja: waliotoka masikioni wana mdomo unaoonekana na miguu ya kahawia, ilhali waliotoka mabegani na shingoni mdomo wao nimeutafuta kwa shida, na miguu yao imepauka. Chini ya tumbo la mmoja wao nilimkuta kupe mdogo mno, kama milimita 2, amemkumbatia. Nilikuwa nimemhesabu kuwa mtoto, kumbe ana ngao mgongo mzima, ni dume. Wale wenye michoro, mmoja ni wa rangi ya chungwa na mwingine ni pundamilia.

Nina swali moja lililobaki. Hawa wa mabegani wanaendelea kuonekana ingawa ninanyunyizia dawa kila wiki. Kwa nini?

Afisa mifugo mstaafu

Umefanya kazi nzuri sana. Kupe wa masikio hudondoka baada ya kila hatua ya ukuaji na kutafuta mnyama mwingine, lakini kupe wa buluu hupanda kwenye ng'ombe akiwa lava na hubaki hapo hapo kwa wiki 3 hivi mpaka jike ashibe na kudondoka. Maana yake ni kwamba huyo wa kijivu begani amepitia dawa yako mara mbili au tatu akiwa hai. Hakikisha kwanza kipimo cha kuchanganyia ni sahihi na ng'ombe analowa mwili mzima. Hapo hapo usisahau ndani ya masikio, kwa kuwa manyoya huzuia dawa na kupe wa ndigana kali hukaa humo.

Ikiwa kipimo ni sahihi, inawezekana una yule kupe wa buluu mwenye asili ya Asia, ambaye anajulikana kwa usugu dhidi ya dawa na ambaye katika maeneo kadhaa ya Tanzania amechukua nafasi ya yule wa asili. Kwa macho wanafanana mno. Wanatofautishwa kwa safu za meno yaliyo kwenye mdomo, 3 kila upande kwa wa asili na 4 kila upande kwa mgeni, na hilo linahitaji darubini. Weka majike na madume kumi au zaidi kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70, uwapeleke kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kilicho karibu nawe. Ndani ya chupa tia kipande cha karatasi chenye tarehe, kijiji na sehemu ya mwili ulikowatoa, ukiandika kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti.