Gereji ya zamani inafungwa Moshi: karatasi na picha zake tuzihifadhi vipi maktaba?

Rau_Msomaji

Wakuu habari za leo. Kuna gereji kongwe hapa Moshi inafungwa, na familia iko tayari kukabidhi karatasi zote kwa maktaba ya mkoa badala ya kuzichoma moto. Nimeombwa kusaidia maandalizi. Vilivyopo: jobu kadi (kadi za kazi iliyofanywa kwa kila gari) zilizofungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, za zamani kabisa ni za miaka ya 1950, leja za wadaiwa, bahasha za picha na negativu, ramani za bluu za kujengea bodi za mabasi, vitabu vya mwongozo vya Land Rover, Bedford na Peugeot, na namba za magari kama thelathini zilizong'olewa. Karatasi nyingi zina oili, nyingine zimeota kuvu, na boksi mbili zimeguswa na mchwa.

Chumba tulichopewa ni mita tatu kwa nne, paa la bati lenye dari, dirisha moja linaloangalia magharibi, hakuna kiyoyozi. Vifaa ni skana ya mezani ya A4, kompyuta moja na simu nzuri.

Tuchukue vyote au tuchague? Tupange kwa aina ya gari? Oili na kuvu tunazifanyaje? Na je, mtu yeyote akija aruhusiwe kusoma jobu kadi ya gari la jirani yake?

Nyaraka_Njiro

Mkuu, boksi hata moja lisitoke gereji kabla hamjapiga picha rafu, makabati na droo jinsi zilivyo. Kila rafu ipe herufi, kila boksi namba, na andika kwa penseli juu ya boksi lilitoka rafu ipi.

Kupanga kwa aina ya gari sahau kabisa. Ndilo kosa linaloua mikusanyo ya namna hii, na hufanywa na wapenzi wa magari wenye nia njema. Jobu kadi ina namba, namba hiyo inarudi kwenye leja ya wadaiwa, na leja ndiyo inayokwambia mteja alilipa lini au hakulipa. Ukizitawanya kwenye mafaili ya "Bedford" na "Land Rover", uzi umekatika na hakuna atakayeuunganisha tena. Acheni mwaka kwa mwaka kama gereji yenyewe ilivyofunga. Anayetaka Bedford atazipata kwenye orodha ya kompyuta.

Na msidhani hizi ni habari za magari tu. Chukua malori ya kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933, lakini serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na vikarudishwa miaka ya 1980. Kwenye jobu kadi za kati ya hapo angalieni mteja anaandikwa nani, huenda lori ni lile lile na chesesi ni ile ile. Miaka ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, magari ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele, kwa hiyo gari linaloacha ghafla kuja sevisi ni la kufuatilia. Baada ya hapo spea ziliadimika nchi nzima, na fundi aliyeandika kwamba ametengeneza bushi kwa chuma chakavu ameacha ushahidi ambao ripoti nyingi za ofisini hazina. Maelezo kama hayo yanakiliwe kwenye orodha neno kwa neno.

Kuchagua kupo, ila kuanzie kwenye vitabu vya mwongozo. Mwongozo uliochapwa kiwandani una nakala nyingi duniani, na chumba chenu ni kidogo. Bakizeni wenye maandishi ya mafundi pembeni, vipimo vilivyorekebishwa au michoro ya mkono. Msiskani mwongozo mzima na kuuweka mtandaoni, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 bado inaulinda.

Jambo la kuangalia mapema: gereji nyingi zilitengeneza magari ya serikali na mashirika ya umma. Jobu kadi ya gereji ni mali ya gereji. Lakini mkikuta daftari la safari la gari la idara, au faili la ofisi lililosahaulika ndani ya kabati, hiyo ni kumbukumbu ya umma chini ya Sheria Na. 3 ya 2002. Maktaba haiwezi kuipokea kama zawadi. Itengeni na muwasiliane na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Barua ya makabidhiano iwe ya ukurasa mmoja na iseme wazi: nani anakabidhi na kwa mamlaka gani katika familia, umiliki unahamia kwa nani (maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, kwa hiyo mkutubi wa mkoa aulize makao makuu nani anasaini), hakimiliki ya picha inabaki kwa nani, na vitakavyokataliwa virudishwe au viteketezwe. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika, halafu miaka kumi baadaye mtu anadai boksi la baba yake.

Kuhusu jirani: jobu kadi zina majina, anwani na madeni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Orodha ya wazi ionyeshe mwaka, aina ya gari, kazi iliyofanyika na mahali. Majina na leja za madeni vibaki kwenye orodha ya ndani. Kwa za karibuni mkutubi aamue ombi kwa ombi. Serikalini kumbukumbu hufunguliwa zikifika miaka 30, nanyi mnaweza kukopa kipimo hicho kwa jobu kadi, lakini leja za madeni ningezifunga kwa muda mrefu zaidi.

KaratasiNaKuvu

Naongezea upande wa uchafu.

Vyenye kuvu na vyenye mchwa visiingie chumba hicho kwanza. Kuvu mbichi hupakaa ukiigusa, kwa hiyo ikaushwe kabla ya kuswakiwa: kivulini, feni ikizungusha hewa chumbani bila kupuliza karatasi moja kwa moja. Juani hapana, wino unapauka na karatasi inajikunja. Ikishakuwa unga mkavu, toka nje, vaa barakoa ya N95 na glavu, swaki kwa brashi laini kuelekea mbali na wewe. Jiki usiiguse. Vile vidonge vyeupe vya kabatini navyo havifai, vinaumiza mapafu ya msomaji na kuvu haifi.

Mchwa na wadudu wengine: funga boksi kwenye plastiki nzito, toa hewa, weka kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue plastiki mpaka masaa 24 yapite, vinginevyo umande unatua juu ya karatasi na umeanzisha kuvu upya. Negativu na picha zisiingie humo. Na friza inaua waliomo ndani ya boksi tu. Njia ya udongo ukutani ikibaki, watarudi.

Chumba: rafu za chuma, ya chini iwe sentimita 15 kutoka sakafuni, zote ziache nafasi ya kiganja kutoka ukuta wa nje. Dirisha la magharibi lizibwe kwa pazia zito. Nunueni kipima unyevu na mwandike asubuhi na jioni. Ikikaa chini ya asilimia 60 mko salama, ikipita 65 kwa siku kadhaa kuvu inaanza, na masika ya Moshi itawafikisha hapo. Mvua ikinyesha fungeni dirisha, hewa ikikauka fungueni. Rafu ya juu kabisa chini ya bati ndiyo yenye joto kuliko zote, wekeni huko namba za magari.

Ramani za bluu zinahitaji folda za peke yake. Karatasi za kuhifadhia zilizotiwa chokaa ya kupunguza asidi, nzuri kwa jobu kadi, ndizo zinazopausha bluu hiyo. Tumieni isiyo na asidi lakini isiyo na chokaa. Zile nyingine zenye mistari ya zambarau au kahawia juu ya karatasi nyeupe, zenye harufu kama ya amonia, zitengwe nazo, hutoa gesi inayochafua jirani.

Negativu zinazonuka siki zimeanza kuoza na zinaambukiza wenzake. Zitoeni kwenye makopo ya bati na plastiki, ziwekeni kwenye bahasha za karatasi, mbali na nyingine, na ziwe za kwanza kupigwa picha.

Rau_Msomaji

Shukrani sana. Kuna fundi amependekeza tufute oili kwa pamba yenye petroli kidogo, anasema inatoka yote. Na jobu kadi nyingi zimebanwa pini zilizoshika kutu, nyingine zina selotepu.

KaratasiNaKuvu

Petroli hapana. Inayeyusha wino wa peni, inasambaza doa likawa duara kubwa zaidi, na chumba chenye mvuke wa petroli na karatasi kavu hakihitaji maelezo. Doa la oili la miaka 40 halitoki, lengo ni lisihamie karatasi ya jirani. Weka kila jobu kadi yenye oili kati ya karatasi mbili zinazonyonya zisizo na asidi, weka uzito juu, badilisha baada ya wiki, mpaka karatasi mpya isipopata doa. Kisha ifungwe ikiwa imetenganishwa. Ile iliyolowa mpaka ikawa kama karatasi ya chapati, iskaniwe mapema, imeshakuwa dhaifu.

Pini: usivute. Geuza upande wenye miguu, nyanyua kila mguu kwa kisu butu huku kipande cha plastiki ngumu kikilinda karatasi, ndipo utoe. Rababendi zilizoyeyuka ziache zikauke kisha zikwanguliwe. Selotepu iliyojibandua toa, iliyoshika iache. Na tafadhali, msilaminishe kitu chochote, hata kama duka la steshenari liko mlangoni.

Risiti za karatasi ile inayochapwa kwa joto, kama zipo za miaka ya karibuni, skanini wiki ya kwanza. Zinapauka zenyewe hata zikiwa gizani.

Pikseli_Sakina

Kuskani: piga hesabu kabla ya kununua diski. Ukurasa wa A4 wa rangi kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), faili la picha la TIFF bila kubanwa, ni kama MB 26. Kwa dpi 400 ni MB 46. Kurasa elfu 30 kwa dpi 400 zinapita terabaiti 1.3, na hiyo ni nakala moja. Jobu kadi zinatosha dpi 300, ila rangi ibaki, maana kalamu nyekundu ya msimamizi na bluu ya fundi ni taarifa mbili tofauti. Picha ya sentimita 10 kwa 15 iwe dpi 600, kama MB 25.

Skana yenu ya mezani kama haina taa kwenye mfuniko haiwezi negativu. Wekeni negativu juu ya ubao wa mwanga, kamera kwenye stendi ikitazama chini, lenzi ya karibu, chumba giza. Simu inafaa kwa kutambua kilichomo, si kwa nakala ya kudumu.

Ramani kubwa pigeni vipande kwa kamera, kila kipande kiingiliane na kingine kwa theluthi moja, taa mbili kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, na rula iwekwe ukingoni ionekane. Bila rula vipimo vya bodi havina maana kwa atakayetaka kuijenga tena.

Majina ya mafaili yasiwe na nafasi wala majina ya watu: mkusanyo, boksi, kifurushi, namba, mfano MSH01_B07_1963_0142.tif. Orodha ianzie kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, baadaye mkipata programu ya orodha za nyaraka kama AtoM mtaihamishia. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo, hata Arusha. Flashi si hifadhi. Tengenezeni alama za uhakiki za SHA-256 (msimbo unaobadilika faili likibadilika) siku ya kuskani na mzikague kila mwaka. Diski huharibika kimyakimya.

BodiNaRangi

Picha zisizo na tarehe: gari linakupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, si mwaka wa picha. Gari la 1958 lilikuwa barabarani hapa miaka mingi baadaye.

Land Rover yenye ubavu bapa ni Series I, 1948 hadi 1958. Ubavu uliotuna chini ya dirisha ni Series II na kuendelea. Taa za mbele zikiwa katikati kwenye grili ni kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, zikiwa kwenye madigadi ni baada ya hapo. Grili ya plastiki ni Series III, kuanzia 1971. Volkswagen Beetle itazame nyuma: kioo kilichogawanyika mara mbili ni kabla ya masika ya 1953, cha yai ni mpaka 1957, cha mstatili ni baadaye. Peugeot 404 haikuwepo kabla ya 1960.

Namba nazo zinasema. SU ni shirika la umma, ST ni serikali. Mfumo wa T yenye tarakimu tatu na herufi tatu ni wa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mkikuta picha za mashindano ya magari ya Safari, taratibu. Yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, na 1960 yakawa East African Safari. Bert Shankland alishinda 1966 na 1967 kwa 404, basi kila picha ya 404 yenye matope watu huandika jina lake. Lakini 404 ilishinda pia 1963 na 1968 kwa Nick Nowicki, na nyingine nyingi zilishiriki bila kushinda. Someni namba ya mlangoni, linganisheni na orodha ya washiriki ya mwaka huo. Mpaka hapo andikeni "Peugeot 404, dereva hajatambuliwa".

Mahali nako kuwe makini. Karatasi ya zamani ikiandika Mkoa wa Arusha inaweza kuwa Babati au Mbulu, kwa sababu Manyara ilikuwa bado ndani yake mpaka 2002. Andikeni jina lililoandikwa, kisha la sasa kwenye safu nyingine.

Zile namba zilizong'olewa: brashi kavu tu, hakuna msasa wala oili, kila moja ifungwe lebo kwa uzi wa pamba si waya. Za mfumo wa T msizipokee kabla ya kuuliza TRA (Mamlaka ya Mapato). Gari lenyewe linaweza kuwa bado barabarani, na namba halisi iliyo kwenye rafu ya wazi ni kishawishi.