Kikundi cha ukoo: Jumamosi ni mfereji

Ambwene: Wanaukoo, habari za jioni. Jumamosi ni mfereji. Tangazo limeshapita Igurusi yote: saa moja asubuhi watu wawe banioni, pale maji ya mto yanapoingilia mferejini, na jembe, beleshi na fyekeo. Mvua zikianza na tope bado limo, kitalu cha mpunga tutakimwagilia kwa ndoo.

Lusajo: Shikamoo baba mdogo. Mimi Jumamosi niko kazini Mwanjelwa mpaka jioni 🙏

Ambwene: Marahaba. Hiyo kazi huwa inaangukia siku ya mfereji tu.

Gwamaka: 😂😂😂

Ambwene: Na wewe unayecheka, kipande cha Babu ni hatua ishirini kuanzia kwenye mwembe. Kisipochimbwa faini ni elfu kumi, na jina linalosomwa mkutanoni ni la Babu, si lako.

Tusekile: Kaka, hata mimi Jumamosi niko mfereji.

Mama Tumpe: Wifi unakuja??? Nichinje kuku?

Tusekile: 😂😂 Mfereji wa huku, wifi. Nina zamu kule London Canal Museum, makumbusho ya mifereji, pale King's Cross. Kwa sehemu kubwa inaendeshwa na watu wa kujitolea, nami nimejiunga.

Gwamaka: Shangazi, kujitolea maana yake wanatoa nauli tu au?

Tusekile: Maana yake chai. Na biskuti, ukiwahi.

Lusajo: Yaani shangazi umepanda ndege mpaka Uingereza ukakate tiketi bure 😭

Tusekile: Kazi ya mshahara ninayo wiki nzima, mwanangu. Na si tiketi tu. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la barafu, ilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya Carlo Gatti, Mswisi muuza aiskrimu. Barafu ilikatwa Norway, ikaletwa kwa meli hadi London, ikahamishiwa kwenye mashua za mferejini mpaka mlangoni kwake. Chini ya sakafu kuna visima viwili vikubwa vya kuihifadhia. Watoto wa shule wakichungulia mle, swali la kwanza ni moja: nani aliwahi kutumbukia?

Gwamaka: Barafu kutoka Norway haiyeyuki njiani?

Tusekile: Inayeyuka, ila mapande makubwa yakirundikwa pamoja yanachelewa. Na kisima kiko chini ya ardhi, hakuna jua.

Mama Tumpe: Mfereji wa kupitisha mashua! Wa kwetu ukipitisha bata tunashukuru.

Tusekile: Wifi acha 😂 Sasa sikia hii. Jirani na hapo kuna handaki la Islington, kama mita 880, mfereji unapita chini ya kilima. Zamani mashua zilivutwa na farasi anayetembea kando, lakini humo ndani njia ya farasi hakuna. Basi farasi anafunguliwa anapitishwa juu kilimani. Wenye mashua wanalala chali, miguu ukutani, wanatembea hivyo hivyo gizani mpaka watokee upande wa pili. Nikiwaeleza watoto nawalaza kwenye benchi wajaribu. Hawamalizi dakika moja, wameshashika mapaja.

Gwamaka: Baba mdogo, hii habari isimfikie mwenyekiti wetu. Ataileta.

Ambwene: Dada, asiyekuja zamu mnamtoza kiasi gani?

Tusekile: Hakuna faini kaka. Anayepanga zamu anatuma ujumbe, "Jumamosi tumepungukiwa mtu mmoja." Hataji jina. Halafu yuko mzee mmoja mstaafu, mashua wala hazimsisimui, mke wake alifariki na nyumbani hana wa kunywa naye chai. Nikikosa mimi anakaa mapokezi peke yake siku nzima. Sasa nitalalaje?

Ambwene: Nimekuelewa, ila huku tukifuta faini hata mwenyekiti hatamwona mtu.

Mama Tumpe: Faini ibaki. Aibu ya Lusajo ilishaisha zamani.

Lusajo: Mama mdogo jamani 😩

Gwamaka: Niko na Babu hapa, namsomea yote. Anauliza, hao wa London maji walitoa mto gani, na watu wa chini walibaki na nini?

Tusekile: Mwambie shikamoo baba. Waliuzuia mto Brent, bwawa likakamilika 1835, ndilo la kuulisha mfereji. Kila mashua ikipita kwenye malango ya kupandishia na kushushia, maji mengi yanateremka. Wa chini walibaki na nini, hilo swali Jumamosi nalipeleka kwa wazee wa pale.

Gwamaka: Babu anasema uwaulize vizuri. Kwetu wa chini ni ardhi oevu ya Ihefu, mto Ruaha na bwawa la Mtera, ndiyo maana kiangazi tunafungiwa mabanio. Anasema alipohamia Usangu kutoka Tukuyu aliwakuta Wabaluchi wameshachimba mifereji yao ya mpunga. Banio la kwanza la hapa lilikuwa magogo, mawe na majani. Masika likiondoka na maji, wanaanza upya.

Tusekile: Gwamaka, mrekodi! Hapo hapo, sasa hivi.

Gwamaka: Amegoma. Anasema habari ya banio haielezwi sebuleni, apelekwe Jumamosi aonyeshe magogo yalisimama wapi.

Ambwene: Nitamtafutia bajaji. Na kiti cha kukalia.

Tusekile: Ndaga fijo, asante sana kaka. Na kofia, jua la huko nalijua.

Lusajo: Samahani, kibarua wa kuchimba kipande anachukua ngapi siku hizi?

Ambwene: Elfu kumi na tano. Tuma na ya kutolea.

Lusajo: Sasa si bora nilipe faini?

Gwamaka: Nimemsomea Babu na hiyo.