Tupeane uzoefu: mgonjwa alilazwa na ugonjwa mmoja, akatoka na mwingine. Nani alipaswa kuzuia?

Bin Shangazi (mleta mada)

Ndugu wanajamvi,

Mwaka jana shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alifika hospitali akiwa na tatizo hilo moja tu. Kifua kilikuwa salama, mkojo ulikuwa salama, na shinikizo la damu ambalo amelimezea dawa kwa miaka mingi lilikuwa limetulia. Siku ya kwanza aliwekewa mpira wa mkojo, jambo ambalo hakuna aliyelipinga kwa kuwa hakuweza kuinuka. Upasuaji ulifanyika siku ya tano na ukaenda vizuri. Hata hivyo, mpira ule ulibaki hata alipoanza kukalishwa kitandani na baadaye kusimama kwa kushikiliwa, na kila nilipouliza nilijibiwa kwamba daktari hajaandika utolewe, ilhali daktari mwenyewe, nilipobahatika kumpata wakati wa raundi, alionekana kudhani kwamba ulishatolewa. Mfuko wa mkojo ulilazwa sakafuni, na mara mbili ulikuwa juu ya godoro, usawa wa kiuno chake, ambapo mkojo unaweza kurudi ulikotoka.

Siku ya 11 alianza kutetemeka kwa homa na kuweweseka, akawa ananiita kwa jina la marehemu baba yangu. Mkojo ulipooteshwa maabara, ulionyesha bakteria ambao dawa tatu za kwanza hazikuwagusa. Tulikaa wiki tatu zaidi, na bili ya dawa za sindano peke yake ilizidi ile ya upasuaji.

Sikuja kushitaki, na ndiyo maana siitaji hospitali. Nilipolalamika, mganga mfawidhi alinipokea kwa heshima, akanionyesha bango ukutani lililosema kwamba kuzuia maambukizi ni jukumu la kila mtu. Nilimwomba anionyeshe, katika daftari la makabidhiano ya zamu, ni jina la nani lililoandikwa mbele ya mpira wa shangazi yangu. Hapakuwa na jina, wala hapakuwa na safu ya kuliandika.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilieleza kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja wakiwa hospitalini, na kwamba kwa wastani mmoja kati ya kila kumi wa walioambukizwa hufariki. Shangazi si kisa cha ajabu, basi. Naomba tupeane uzoefu bila kutaja hospitali wala watumishi: ni nini kilitokea, na kwa maoni yako, nani hasa alikuwa na uwezo wa kukizuia?

Zamu ya Usiku

Pole kwa kuuguza, mleta mada, na shangazi mpelekee pole zetu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, huu ukiwa mwaka wangu wa 14, na sitajificha: yaliyompata shangazi yako yamewapata wagonjwa wangu pia.

Watu husema kwamba wauguzi hatunawi mikono, na mara nyingi husema kweli, lakini hesabu yake haisemwi. Tumefundishwa nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama ya kufunga kidonda au kuweka kanula (kimrija cha mshipani), baada ya hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Usiku tunapokuwa wawili kwa wagonjwa 38, na kila mmoja akahitaji kuguswa mara nne tu hadi kunapambazuka, hizo ni mara 152, na kila moja ina kabla yake na baada yake. Kunawa ipasavyo kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, mbali na mwendo wa kwenda kwenye sinki letu, ambalo liko mwisho wa korido na ambalo maji yake hukatika saa nne usiku. Kitakasa mikono kilichoning'inizwa kitandani huchukua sekunde 20 hadi 30, na muuguzi habanduki mbele ya mgonjwa wake. Kuna kipindi mfamasia wetu alikuwa akikitengeneza yeye mwenyewe kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ni spiriti, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa yakapoa, na kila kitanda kilikuwa na chupa yake. Ilidumu miezi saba. Spiriti ilipokwisha tuliambiwa kwamba haimo katika bajeti ya robo ile, na chupa tupu zikaendelea kuning'inia, kiasi kwamba wageni waliokuja kukagua waliandika kwamba tunavyo.

Upande wangu nao nitausema. Nimewahi kuvaa jozi moja ya glavu na kuzunguka nayo vitanda vitatu, kwa sababu zilikuwa zimebaki chache na kwa sababu nilijihisi salama. Glavu zile zilinikinga mimi; mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa akiguswa na wawili waliomtangulia.

Kuhusu mpira wa mkojo, kwetu matroni mpya alianzisha jambo dogo ambalo halikugharimu chochote. Kila mpira unabandikwa plasta yenye tarehe na jina la aliyeuweka, na asubuhi, kabla zamu haijakabidhiwa, huulizwa kwa sauti nani bado ana mpira na kwa sababu gani. Asiye na sababu humaliza siku bila mpira. Kwa hiyo swali lako nalijibu hivi: muuguzi wa zamu ndiye wa kuuliza, daktari ndiye wa kuandika, lakini bila matroni au mfawidhi anayehakikisha kwamba swali linaulizwa kila siku, hao wawili watangojana hadi homa ipande.

Mama Pacha

Mimi nilijifungua kwa upasuaji uliopangwa. Jioni ya kuamkia siku ile nilijinyoa kwa wembe nyumbani, kwa sababu karatasi ya maandalizi niliyopewa kliniki ilisema mgonjwa aje akiwa amenyolewa. Nilipewa vidonge vya antibayotiki vya siku saba baada ya upasuaji, nikaruhusiwa siku ya tatu. Siku ya nane mshono ulianza kutoa usaha, na siku ya tisa ukaachia upande mmoja. Ndugu walisema nimeinama mapema, wengine wakasema nimekula maharage. Niliona aibu kurudi kule kule, nikatibiwa katika zahanati ya jirani kwa wiki tano, nikinyonyesha watoto wawili huku nimelala ubavu.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wembe huacha michubuko midogo ambayo vimelea hujificha humo, na kwamba tangu mwaka 2016 mwongozo wa kimataifa wa kuzuia maambukizi ya upasuaji unakataza kunyoa. Nywele zikiwa kikwazo hukatwa kwa mashine. Mwongozo huo huo unataka dawa ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, ndani ya dakika 120, badala ya kuendelezwa kwa siku kadhaa baada ya mshono kufungwa. Karatasi yangu ya maandalizi ilikuwa nakala ya nakala, na nina hakika aliyeichapa kwa mara ya kwanza alishastaafu.

Jambo linaloniuma zaidi ya kovu ni hili: katika kumbukumbu za hospitali ile, mimi ni mama aliyejifungua salama na kuruhusiwa siku ya tatu. Hakuna aliyepiga simu kuniuliza. Wakitoa takwimu zao za vidonda vilivyooza, mimi simo, na karatasi ile inaendelea kugawiwa.

Fundi wa Hadubini

Nafanya kazi maabara, mkoa wa Kigoma, na kwa kuwa tunapakana na Kongo kwa ziwa, mfano wangu wa kwanza natoa huko. Ebola ilipotambuliwa kwa mara ya kwanza huko Yambuku mwaka 1976, hospitali ya misheni ya pale ilikuwa ikitoa mabomba matano tu ya sindano kila asubuhi, yatumike kwa wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, yalisuuzwa katika maji ya uvuguvugu. Katika mlipuko ule watu 318 waliugua na 280 wakafariki, na hospitali ilifungwa watumishi 11 kati ya 17 wakiwa wamekufa. Waliochoma sindano zile walikufa kwa ugonjwa ule ule waliousambaza, kwa hiyo sioni namna ya kuwaita wazembe. Nadhani kosa lilikuwa katika ile namba tano, na namba haipangwi na anayechoma sindano.

Mfano wa pili ni wangu. Majibu ya kuotesha huenda moja moja kwenye mafaili ya wagonjwa, na hakuna anayeyaweka pamoja. Miaka miwili iliyopita nilipokea usaha wa wagonjwa watatu katika wiki moja, wote wa wodi moja, wote wana Klebsiella, aina ya bakteria, yenye usugu kwa dawa zile zile. Hakuna kanuni iliyonituma, ila nilivua koti nikaenda wodini mwenyewe. Nilikuta chupa kubwa ya maji ya chumvi ya kusafishia vidonda, iliyokuwa ikiongezwa juu kwa juu kila inapopungua, pasipo mtu kukumbuka lini ilioshwa. Tuliotesha maji yale yakatoa vimelea hao hao. Chupa ilitupwa, zikaja ndogo za kutumika mara moja, na wagonjwa wa namna ile wakakoma. Nilipongezwa kwa mdomo, kisha nikaandikiwa barua ya kuuliza kwa nini nilitoka kituo changu cha kazi bila ruhusa.

Dekio Moja

Nami nichangie, ingawa cheo changu hapa ni cha chini kuliko vyote. Nimefanya usafi hospitali kwa miaka sita chini ya kampuni ya zabuni. Wodi na vyoo vyake vilikuwa na dekio moja na ndoo moja. Siku ya kwanza nilielekezwa kwa kuonyeshwa galoni la Jik na kuambiwa nitie mpaka maji yanuke. Mwaka wa tatu ndipo muuguzi mmoja aliponieleza kwamba Jik ya asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji ili kupata dawa ya asilimia 0.5 ya kumwaga juu ya damu iliyodondoka, na kwamba uchafu usipoondolewa kwanza, dawa huishia kwenye uchafu. Kampuni ilikuwa ikihesabiwa kwa mahudhurio yetu na kung'aa kwa sakafu. Vyuma vya kitanda, kengele, kitasa cha mlango na kile kimeza cha mgonjwa, ambavyo ndivyo mikono inavyovishika kutwa nzima, havikuwa katika mkataba wa yeyote. Muuguzi alijua ni kazi yangu, nami nilijua ni yake.

Upepo wa Kusi

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ndugu zangu, mmewabebesha watumishi mzigo wote, na jamaa wa mgonjwa tumekaa pembeni kama mashahidi. Dada yangu alijifungua mtoto njiti, akalazwa chumba cha watoto wachanga, na vita kubwa haikuwa na madaktari, ilikuwa na sisi. Kila shangazi alitaka kumbeba, nyanya alitaka kumtia mate kidogo ya baraka, na ami mmoja aliyekuwa na mafua alikasirika hadi leo kwa kuzuiwa mlangoni. Aliyezuia ni sista mmoja mfupi wa umbo, aliyesimama mlangoni akasema atakayeingia ni mama peke yake, mikono ikiwa imeoshwa mpaka viwikoni, na mtoto atakaa kifuani kwake ngozi kwa ngozi, kwa sababu hilo humpa joto na humpunguzia maambukizi. Tulimwita mwenye kiburi. Mtoto leo ana miaka minne. Wodini nako tunakaa juu ya vitanda vya wagonjwa, tunaweka viatu chini ya godoro, tunalisha kwa mkono uliotoka kushika noti sokoni. Bin Shangazi, wewe mwenyewe ulikuwa pale kila siku. Je, mfuko ule uliokuwa juu ya godoro aliuweka nani?

Bin Shangazi (mleta mada)

Upepo wa Kusi, nimeona swali lako tangu juzi na nimechelewa kulijibu makusudi.

Mara ya kwanza sijui. Mara ya pili niliuweka mimi. Wauguzi walikuwa wawili, shangazi alihitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, na kazi ya kumgeuza, kumwogesha na kumwaga mkojo ilikuwa imehamia kwangu bila mtu kuitangaza. Nilimgeuza, nikaunyanyua mfuko usinaswe na miguu ya kitanda, nikauweka pembeni yake, nikatoka kwenda kununua uji. Nilikaa huko kama saa moja hivi. Hilo sikulisema kwa mganga mfawidhi, wala sikulisema mwanzoni mwa uzi huu.

Zamu ya Usiku

Ahsante kwa kusema, kaka. Naomba nikuulize jambo moja tu: siku walipokuachia kazi ya kumwaga mkojo, kuna aliyekuonyesha namna ya kuushika mfuko, ukae wapi, na unawe lini?

Bin Shangazi (mleta mada)

Hapana, dada. Nilionyeshwa ndoo ilipo.