Watoto wote wametoka nyumbani: tuhamie Likasi, Kolwezi au Kalemie?

Mwalimu wa Bel-Air

Ndugu zangu, ninawaandikia kutoka Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air katika komini ya Kampemba, ambako mimi na mke wangu tumeishi katika lupangu moja, yaani kiwanja chenye nyumba yetu, kwa miaka 27. Mwezi wa tatu binti yetu wa mwisho aliolewa akaenda kukaa Ndola, Zambia. Kaka yake mkubwa anafanya kazi Kinshasa, na yule wa kati ni fundi wa umeme katika mgodi mmoja wa Kolwezi. Nyumba ina vyumba vitano, na vitatu tumevifunga kwa ufunguo. Mke wangu bado anasonga bukari ya watu watano, kisha anaitazama sufuria na kunyamaza.

Tumekubaliana kuhama. Mji umekuwa mkubwa kupita nguvu zetu: baa zimefunguliwa pande zote mbili za ua wetu, magari yanasimama saa nzima mahali tulipokuwa tukipita kwa dakika kumi, na vumbi la kiangazi linaanza mwezi wa tano na kutuacha tukikohoa hadi mvua irudi. Tunaishi kwa pensheni yangu ya ualimu, ambayo ni ndogo, na kwa cherehani ya mke wangu, ambayo inaweza kufanya kazi mahali popote penye wateja.

Mwanzoni nilitaka kurudi Bukavu, nilikozaliwa na alikozikwa mama yangu. Lakini tangu waasi wa M23 walipoitwaa Goma mwezi wa kwanza wa 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, dada yangu aliye huko amenisihi nisipeleke uzee wangu mahali ambapo hata kupokea fedha kutoka kwa watoto kumekuwa mashaka. Jina hilo nimelitoa katika hesabu, na nilipolitoa sikulala usiku ule.

Imebaki miji mitatu. Mke wangu ni mzaliwa wa Kalemie na analitamani ziwa. Mtoto wetu wa kati anatuita Kolwezi. Mimi mwenyewe ninaipenda Likasi, ingawa sababu yangu ni nyepesi, kwa kuwa nilifundisha huko miaka miwili nikiwa kijana. Jambo la pili ni lupangu yetu: tuiuze ili tununue huko tuendako, au tuipangishe? Ninaomba ushauri wa watu wanaoishi katika miji hiyo.

Mama wa Kikula

Mwalimu, salamu kutoka Likasi. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, kwa hiyo utanisamehe nikianza na ugonjwa kabla ya mandhari.

Usiku mmoja wa masika mume wangu alianguka akitoka bafuni, na upande wake wa kulia ukakataa kutii. Hospitali ya hapa ilimpokea, ikapima shinikizo la damu, ikamwekea dripu, kisha daktari akaniambia kwa upole kwamba uchunguzi wa ubongo ungefanyika Lubumbashi. Ni kilomita 120 za lami. Mchana mkavu, ukiwa na gari lako, huo ni mwendo wa saa mbili hivi. Lakini usiku ule ilibidi kwanza tumtafute mwenye gari, kisha fedha za mafuta, kisha tukafuata nyuma ya malori ya shaba na ya asidi ambayo hayapitiki kwenye vilima. Tuliondoka saa nne usiku tukafika saa tisa. Mume wangu anaishi, anatembea kwa fimbo, na hatukuhama Likasi. Ninachotaka muulizane wewe na mama ni swali moja kwa kila mji: siku mmoja wenu atakapoanguka, yule mwingine atahesabu saa ngapi kutoka kitandani hadi kwa daktari anayeweza kazi hiyo, na nani atashika usukani? Kwetu hesabu ilikuwa saa tano. Baada ya hapo tulifanya mapatano na dereva jirani, tukaweka fedha za safari katika bahasha isiyoguswa, na hesabu ikashuka hadi saa tatu.

Kuhusu mji wenyewe, nitasema ukweli wa pande zote. Likasi ni mji wa vilima na miti ya maembe, na bado tunazo nyumba za matofali zilizojengwa wakati ulipoitwa Jadotville, yaani kabla ya 1966, zenye kuta nene, dari za juu na baraza pana. Zinavutia sana kwa wazee kwa sababu hazina ngazi. Lakini mabomba yake ni ya umri uleule, na kuna mitaa ambako maji hayajapita ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Umeme unakatika, ingawa mtambo wa Mwadingusha uko kwenye mto Lufira usio mbali nasi. Kelele ni kidogo, soko liko karibu, na watu bado wanapita kukuuliza umeamkaje. Kwa mjane au mzee, hilo la mwisho ni sehemu ya matibabu.

Mtoto wa Lukuga

Mimi ni wa Kalemie, na ninamwelewa mama kuliko anavyodhani. Hakuna jioni inayolingana na jioni ya Tanganyika, wakati mitumbwi inapotoka na taa zake kwenda kuvua ndagala, na mtu aliyekulia hapo hatosheki na samaki wa barafu wa Lubumbashi.

Hata hivyo asinunue nyumba ya ufukweni. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia katika nyumba na barabara za watu wengi, na wapo waliozihama nyumba walizojenga kwa akiba ya maisha yote. Wazee wetu hawakushangaa. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, ambao ni mto Lukuga hapa kwetu Kalemie, na katika karne ya 19 mlango huo uliziba kwa mchanga na majani, maji yakapanda hadi kilele cha 1878, kisha yakaubomoa na kushuka tena. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maji hayajawahi kufika mahali fulani, muulize anahesabu kuanzia lini. Pia tuko kwenye bonde la ufa. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 liliangusha nyumba na kuua watu mjini mwetu, na nyufa zake bado zinaonekana katika kuta kadhaa.

Joto nalo lisisahauliwe. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, na Kalemie iko chini ya mita 800. Mtu aliyezoea kujifunika blanketi mbili mwezi wa sita atachoka hapa.

Lililo zito kuliko yote ni safari. Treni inazunguka kwa Kamina na Kabalo, na safari yake huhesabiwa kwa siku, si kwa saa. Barabara wakati wa mvua ni mateso. Inabaki ndege, na tiketi yake si ya pensheni ya mwalimu. Ushauri wangu ni kwamba mama aje kukaa miezi miwili kila kiangazi kwa ndugu zake, ale samaki wa mikebuka ashibe, kisha arudi kwako. Nimeona wengi waliorudi nyumbani kwa moyo wote, kisha watoto wao wakaja mara moja tu, kwa mazishi.

Mkaaji wa Manika

Nitakuwa mfupi. Kolwezi ni mahali pa kutafuta kazi. Tangu Katanga ilipogawanywa majimbo manne mwaka 2015 na mji wetu ukawa makao makuu ya Lualaba, kodi za nyumba zimefuata mishahara ya migodi, na pensheni haiwezi kuzikimbilia. Vumbi unalolikimbia Lubumbashi utalikuta hapa likikusubiri.

Kumbuka pia mtaa wa Kasulo. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba mashimo vyumbani na uani, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Mzee hapaswi kununua mahali ambapo jirani anaweza kuchimba handaki chini ya kitanda chake.

Na mtoto wako je? Mkataba wake ukiisha akapata kazi Fungurume au Kipushi, mtabaki Kolwezi na nani?

Karani Mstaafu

Mwalimu, nimefanya kazi katika mambo ya ardhi maisha yangu yote, na ninakuomba usiuze lupangu yako mwaka huu. Wazee wengi niliowaona wakilia ofisini walikuwa wameuza kwanza na kuchagua baadaye.

Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kudumu ya kuutumia, ambayo uthibitisho wake ni sertifika ya usajili. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa mtaa haitoshi. Sertifika hiyo pia haikupi madini yaliyo chini yake, ambayo ni ya Serikali, na habari ya Kasulo aliyoieleza ndugu hapo juu inaanzia hapo. Kwa hiyo kabla ya kununua popote, nenda mwenyewe kwa mhifadhi wa hati za ardhi wa mji huo, uone kama jina lililo kitabuni ni la huyo anayekuuzia, na usikubali mtu aende badala yako.

Pangisha nyumba ya Bel-Air, nawe upange nyumba huko uendako kwa mwaka mzima, ili uuone mji huo katika mvua na katika kiangazi. Sheria ya pango ya Desemba 2015 inaweka garanti, yaani amana anayopewa mwenye nyumba, isiyozidi kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa; wenye nyumba wengi huomba zaidi, nawe una haki ya kukataa. Andikeni mkataba, na mama atie sahihi pamoja nawe, kwa sababu siku usipokuwepo yeye ndiye atakayeulizwa karatasi.

Mwalimu wa Bel-Air

Ninawashukuru kwa dhati. Jana jioni nilimsomea mke wangu majibu yote barazani. Aliposikia habari ya mazishi aliomba nirudie sentensi ile, kisha akaingia ndani, na sikumfuata.

Leo asubuhi yeye ndiye aliyefanya hesabu, kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Wa Kolwezi anapokuja Lubumbashi lazima apite Likasi, kwa hiyo hatahitaji kututafuta, atatukuta njiani. Wa Kinshasa atashuka kwa ndege hapa, kisha asafiri saa mbili. Wa Ndola atavuka mpaka wa Kasumbalesa na kulala kwa shangazi yake kabla ya kuendelea. Nilipouliza kuhusu ziwa, alisema atakwenda kwa dada zake kila mwezi wa saba, na kwamba nauli hiyo iandikwe katika bajeti kabla ya makala ya kupikia na kabla ya unga. Nimeiandika.

Hatutauza. Tutapanga Likasi kwa mwaka mmoja. Mama wa Kikula, nimebaki na swali moja: umesema kuna mitaa isiyo na maji, nami sina nguvu tena za kubeba madumu. Nitaitambuaje nyumba yenye maji kweli?

Mama wa Kikula

Njoo mwezi wa kumi, Mwalimu, kabla mvua hazijashika, kwa sababu mwezi wa pili kila mwenye nyumba hapa ana maji. Usiende na dalali. Pita saa kumi na mbili asubuhi, utazame ni ua gani wanawake wanatoka na ndoo na wanaelekea wapi, kisha umuulize mpangaji wa jirani, si mwenye nyumba. Epuka nyumba za juu ya kilima hata kama baraza yake inaona mbali, kwa maana maji yanapopungua huko ndiko yanakokoma kwanza. Ukipata yenye kisima cha pampu, angalia kama pampu hiyo inaweza kuvutwa kwa mkono umeme unapokatika.

Na mama aje na cherehani yake katika safari hiyo hiyo ya kutazama. Shule zinakuwa zimefunguliwa, na sare za watoto wa mtaa huu zinashonwa mbali na kwa bei kubwa. Mtalala kwangu.