Natafuta developa wa Elixir hapa Dodoma, nimekwama. Naombeni ushauri

Mzee_wa_Magunia:
Wakuu, habari za majukumu. Nina kiofisi Area D, tuko watu sita. Mfumo wetu unapokea bei za mahindi na alizeti kutoka kwa mawakala wa Kibaigwa na Singida, unazirusha kwa wakulima kwa meseji. Aliyeuandika ni kijana mmoja mahiri sana, akautengeneza kwa lugha ya kuandikia programu inayoitwa Elixir. Mwezi wa tatu kapata kazi ya kulipwa dola akiwa kwao, akaaga vizuri tu. Mfumo haujawahi kuzima, na hilo ndilo linanitisha. Siku ukizima sina wa kumwita.

Nikatangaza: Elixir, uzoefu miaka mitatu, mshahara laki nane. Zikaja sivii 41. Mmoja alipiga simu kuuliza kama tunauza dawa ya kikohozi. Niliyemwita wa kwanza aliandika ana miaka mitano. Yule kijana akatusaidia usaili kwa video, akampa swali jepesi: orodha ya bei hii hapa, ijumlishe. Jamaa akaanza kuandika "while", ile amri ya kurudiarudia kazi kwenye lugha nyingine. Kimya. Kijana akasema taratibu, "Kaka, Elixir haina while." Jamaa akafunga laptopu, akaomba maji.

Niendelee kutafuta, au niuandike upya kwa lugha nyingine, PHP?

Kijana_wa_Nkuhungu:
Andika upya mkuu. Dodoma hii developa wa PHP unampata kabla chai haijapoa.

Fundi_Seva:
Mfumo haujawahi kuzima halafu aubomoe? Elixir inakimbia juu ya mtambo wa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Kazi moja ikianguka inawashwa upya, nyingine hazina habari. WhatsApp waliitumia hiyo Erlang, na walipouzwa kwa Facebook 2014 walikuwa na wafanyakazi 55 hivi kwa watumiaji zaidi ya milioni 400. Kijana wako hakuchagua kwa mbwembwe.

Dada_Takwimu:
Kaka, kosa liko kwenye tangazo. Mwenye miaka mitatu ya Elixir haji kwa laki nane, muulize huyo aliyeondoka. Ulichovuta ni waongo.

Ofisini kwetu tulimchukua binti aliyemaliza CIVE, chuo cha kompyuta pale UDOM, anajua lugha ya Python tu. Wiki za kwanza alihangaika kweli: anataka kubadilisha kitu ndani ya orodha, kwenye Elixir orodha haibadiliki, inabidi atengeneze mpya. Mwezi wa tatu alikuwa anarekebisha hitilafu mwenyewe. Ila alikuwa na wa kumuuliza. Kijana wako bado anapokea simu?

Mzee_wa_Magunia:
Anapokea. Naona aibu kumsumbua bure.

Dada_Takwimu:
Sasa nani kasema bure? Mlipe kwa saa, Jumamosi mojamoja.

Kijana_wa_Nkuhungu:
Na huyo mpya akishaiva akafuata dola?

Fundi_Seva:
Hilo lipo hata kwa PHP. Ajiri mmoja, na wakati wa field pokea mwanafunzi akae naye. Ila mwanafunzi mpe nakala ya mfumo, siyo seva yenyewe. Mimi wa kwangu alifuta jedwali la wateja kwenye database Ijumaa saa kumi na moja jioni, nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu. Sikulala.

Mzee_wa_Magunia:
Nimewaelewa. Narudia tangazo, neno Elixir nalishusha chini kabisa. Usaili sasa niwape nini?

Dada_Takwimu:
Kazi ya nyumbani ya siku mbili, lugha yoyote. Wape meseji za mawakala zilivyo, mmoja kaandika "mahindi 62000", mwingine "mhd 62elfu gnia", wazitoe bei safi. Halafu kaa na mtu akueleze kwa nini kafanya hivyo. Aliyenakili utamjua kwenye swali la pili.

Mzee_wa_Magunia:
Hiyo "62elfu gnia" umeijuaje dada? Wakala wangu wa Kibaigwa anaandika hivyohivyo kila asubuhi.