Vespa PX150 inachoka mlimani ikipata moto: nianze kubadili kifaa gani cha injini?

Mkazi wa Mikindani

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nina Vespa PX150 niliyoachiwa na baba mkubwa, nami ninaitumia kila siku kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini, mwendo wa kilomita kama 10 kila upande, na mara moja moja ninapanda nayo hadi Newala kwa wakwe. Kwenye tambarare haina shida. Kwenye kupanda, ikiwa bado ya baridi, inakwenda kwa gia ya tatu bila kulalamika, lakini ikishapata moto inaishiwa nguvu hadi ninalazimika kurudi gia ya pili. Tena nikirudisha mkono wa mafuta, injini inaendelea kuvuma juu kwa sekunde kadhaa ndipo inatulia.

Fundi mmoja amenishauri nifunge silinda na pistoni ya milimita 63 pamoja na kabureta kubwa zaidi, akisema kwamba injini itafika ujazo wa sentimita za ujazo 177. Je, fedha niliyonayo niiweke huko, au kuna kitu cha kutangulia?

Gereji ya Chikongola

Kaka, kwa vipimo fundi wako yuko sahihi. Silinda ya kiwandani ya PX150 ina kipenyo cha milimita 57.8 na mwendo wa pistoni wa milimita 57. Ukiweka ya milimita 63 bila kugusa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), ujazo unaongezeka kwa karibu sentimita za ujazo 28, na ongezeko hilo mlimani unalisikia. Tatizo langu ni mpangilio wa kazi, kwa sababu dalili uliyoitaja mwishoni, ile ya injini kubaki inavuma baada ya kurudisha mkono, ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko huo udhaifu wenyewe.

Injini ya mipigo miwili inavuta mchanganyiko wa petroli na oili kupitia chumba cha krenki, na chumba hicho kinazibwa na sili mbili (pete za mpira za kuzuia hewa na oili), moja upande wa magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) na nyingine upande wa klachi. Sili ya magneti ikikauka na kupasuka, injini inavuta hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, pistoni inapata moto kupita kiasi, na oili inayopaswa kuilainisha inakuwa pungufu pale pale inapohitajika zaidi. Ukifunga silinda kubwa juu ya sili iliyokufa, utakuwa umenunua pistoni mpya ya kunoki, yaani ya kukwama ndani ya silinda kwa moto. Fungua magneti, kwa kifaa chake cha kuvutia na si kwa nyundo, kisha angalia sahani ya koili iliyo nyuma yake: ukikuta imelowa mafuta meusi, jibu unalo. Sili hiyo inabadilishwa kutoka nje bila kupasua injini. Ya upande wa klachi ndiyo inayolazimisha injini ipasuliwe, na dalili yake ni nyingine: oili ya giaboksi, ambayo ni mililita 250 tu, inapungua bila kuvuja chini, na moshi unakuwa mzito.

Jambo la pili ni ekzosi. Masizi ya oili yanajikusanya kwenye tundu la kutolea moshi na ndani ya ekzosi yenyewe mwaka hadi mwaka, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Nimewahi kukwangua tundu ambalo kidole gumba hakikupita. Angalia pia kama kifuniko cha plastiki cha silinda kipo na hakijavunjika, kwa kuwa ndicho kinachoelekeza upepo wa feni kwenye mapezi. Wengi wanakitupa wakiamini kwamba silinda iliyo wazi inapoa vizuri zaidi, na ukweli ni kinyume chake.

Mpanda Milima, Newala

Mimi ninayo hiyo ya milimita 63 na ninapanda nayo, hivyo sitakukataza. Ila pistoni ya kwanza niliiua mwenyewe ndani ya wiki mbili, kwa sababu nilifunga silinda mpya nikaacha jeti kuu ya zamani, yaani kile kipande chenye tundu kinachopima petroli ndani ya kabureta. Namba za jeti za Dell'Orto, watengenezaji wa kabureta, zinahesabu upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani namba 100 ni tundu la milimita 1 kamili. Silinda kubwa inataka tundu kubwa zaidi, na ni salama kuanza na namba ya juu kisha kushuka hatua kwa hatua. Baada ya kupanda ukiwa umefungua mafuta yote, zima injini hapo hapo huku umekamata klachi, kisha chomoa plagi uisome. Rangi ya hudhurungi ni njema, nyeupe ni hatari. Kabureta ya kiwandani nimeiacha na inatosha.

Mzee wa Lindi

Wanangu, hakuna aliyegusia oili. Asilimia 2 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Mimi ninatembea na chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100, na hiyo inatosha lita 5. Kukadiria kwa macho pale kituoni ni kucheza kamari.

Mkazi wa Mikindani

Mzee wangu, shikamoo, na wengine wote nawashukuru. Jumamosi tulifungua magneti. Sahani ya koili ilikuwa imelowa kama alivyosema kaka wa Chikongola, na sili ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilivunjika vipande ilipochokolewa kwa bisibisi. Ekzosi tuliilaza kwenye moto wa vifuu vya nazi hadi moshi ukaisha, na ilipopoa tukaigonga na masizi yaliyotoka yalijaza kopo la maziwa ya watoto. Kifuniko cha silinda kilikuwepo, lakini bila skurubu moja.

Tangu Jumatatu ninapanda kwa gia ya tatu asubuhi na jioni, na nikirudisha mkono injini inashuka mara moja. Silinda ya milimita 63 nimeiahirisha. Swali lililobaki ni dogo: plagi sasa imeanza kuwa nyeusi na yenye unyevunyevu. Je, inawezekana aliyekuwa akiitunza aliongeza namba ya jeti ili kufidia ile hewa iliyokuwa ikiingia?

Gereji ya Chikongola

Inawezekana kabisa, nami nimeyaona hayo mara nyingi. Ichomoe jeti kuu, usome namba yake, kisha uniandikie hapa kabla hujanunua nyingine.