Ulinganisho: mashine za ujenzi za wingu, seva ya kukodi na kompyuta ya ofisini kwa timu iliyoko Tabora

FundiIsevya (mwanzisha mada, Machi 2025)

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe njia tatu za kuendesha ujenzi wa programu (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa, na kuijaribu) unaojianzisha wenyewe kila msimbo unapotumwa. Timu yetu ni ndogo, ina ofisi Tabora mjini, na inatengeneza programu ya Android ambayo makarani wa vyama vya msingi vya ushirika huitumia kuandika uzito na madaraja ya tumbaku, pamoja na mfumo wa seva unaofungashwa katika kontena za Docker, yaani vifurushi vyenye programu na kila inachohitaji. Msimbo wote umo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, katika hifadhi ya faragha. Wenzangu wanataka tuchague kwa kuangalia kasi ya prosesa peke yake. Mimi naona kipimo hicho hakitoshi.

Njia ya kwanza ni mashine za wingu za GitHub wenyewe. Kwa hifadhi ya faragha mashine ya kawaida ya Linux ina vCPU 2 (vCPU ni sehemu ya prosesa inayogawiwa mashine ya wingu), ilhali hifadhi za wazi zimekuwa zikipewa vCPU 4 na kumbukumbu ya GB 16 tangu Januari 2024. Mpango wa bure unatoa dakika 2,000 kwa mwezi, na muda wa kila kazi hupandishwa hadi dakika nzima inayofuata, kwa hiyo anayegawa ujenzi wake katika kazi tatu za dakika moja na sekunde kumi kila moja hukatwa dakika sita, wala si tatu na nusu. Anayehitaji macOS akumbuke kwamba dakika moja ya huko huhesabiwa kuwa kumi. GitLab, huduma nyingine ya aina hiyo, kwa kuwa najua kuna atakayeuliza, hutoa dakika 400 kwa mwezi bila malipo na mashine yake ndogo ya Linux ina vCPU 2 na GB 8. Kwa timu inayotuma msimbo kutwa nzima, hizo haziufikishi mwezi mwisho.

Njia ya pili ni kukodi seva Ulaya na kuisajili kama mashine yetu ya ujenzi. Ya tatu ni kuisajili kompyuta ya mezani iliyopo hapa ofisini, yenye kore sita (vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa) na diski ya SSD.

Kwa kasi tupu, kompyuta ya ofisini ina sifa ambazo bei yake haizionyeshi. vCPU moja katika mashine nyingi za wingu zenye prosesa za Intel au AMD ni uzi (mkondo wa kazi) mmoja tu wa kore, kwa hiyo vCPU 2 ni kore moja halisi inayoendesha nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Tena prosesa za seva zimeundwa kubeba kore nyingi zinazokwenda kwa kasi ya wastani, wakati za mezani huwa na kore chache ambazo kila moja ina kasi zaidi, na hatua kadhaa za ujenzi, kama vile Gradle, kifaa kinachoendesha ujenzi wa Android, kusoma usanidi wa mradi au kuunganisha faili za mwisho, huelemea uzi mmoja.

Hata hivyo, muda ninaoujali mimi ni ule unaoanza mtu anapotuma msimbo na kuishia anaposoma matokeo. Ndani yake kuna foleni, kuwasha mashine, kupakua maktaba, ujenzi wenyewe na kupeleka kilichojengwa mahali pake. Prosesa inagusa moja kwa moja kipande kimoja tu kati ya hivyo. Naomba walio na uzoefu wa mikoa yetu hii wachangie, kwa sababu makala nyingi za mtandaoni huandikwa na watu ambao hawajui bando ni nini.

MwangaKigoma

Ndugu Fundi, kwa sisi tulio mbali na vituo vikubwa vya data, swali la kwanza ni data nzito inasafiri kuelekea wapi. Ukitumia mashine ya wingu, kinachopita kwenye mtandao wako ni mabadiliko ya msimbo peke yake, ambayo mara nyingi ni kilobaiti chache. Maktaba za Gradle, imeji za msingi za Docker (faili ambazo kontena huanzishwa kutoka kwazo) na vikorokoro vingine vyote vinapakuliwa huko huko kwenye vituo vya data vyenye mitandao mipana. Kasoro yake ni kwamba kila kazi hupewa mashine mpya isiyo na maktaba zenu, hivyo maktaba hurejeshwa kutoka kwenye kache (akiba ya faili za ujenzi uliopita) kila mara, na kache ya GitHub ina kikomo cha GB 10 kwa hifadhi bila kulipia na kwa kawaida hufutwa isipoguswa kwa siku saba. Mradi unaojengwa mara chache, ukirudi baada ya wiki mbili, unaanza upya kabisa.

Kompyuta ya ofisini ni kinyume chake. Mara ya kwanza itamaliza bando lenu kwa kupakua, lakini baada ya hapo kila kitu kimo kwenye diski, na ujenzi unaofuata unaanza papo hapo bila kurejesha kache yoyote. Pamoja na hayo APK (faili ya kusakinisha programu ya Android) iliyotoka inaweza kuwekwa kwenye simu za majaribio kupitia Wi-Fi ya ndani, ilhali APK iliyojengwa wingu lazima ishushwe tena kwa kila jaribio.

Mambo yanageuka mnapofika kwenye imeji za Docker, kwa sababu hizo lazima zipandishwe kwenda mahali seva yenu itakapozichukua. Matabaka ya imeji yasiyobadilika hayatumwi tena, hilo ni kweli, lakini ukibadilisha maktaba moja ya chini, matabaka yote yaliyo juu yake yanajengwa na kupandishwa upya, na kasi ya kupandisha kwenye mitandao ya simu kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kushusha. Kwa kazi hiyo prosesa ya kore sita hapo Tabora itakaa inangoja waya.

Binti_Kasulu

Naafikiana na mliotangulia isipokuwa kwa jambo moja. Kasi ya prosesa haipunguzi muda wa ujenzi peke yake, bali hupunguza foleni pia, na huipunguza kuliko watu wanavyotarajia. Mashine moja iliyosajiliwa hufanya kazi moja kwa wakati, kwa hiyo hesabu za foleni, ambazo Mdenmaki Agner Krarup Erlang aliziwekea msingi mwaka 1909 alipokuwa akichunguza simu zinazoingia kwenye mitambo ya Copenhagen, zinaihusu moja kwa moja.

Tuchukue mfano wa mashine ambayo ujenzi wake huchukua wastani wa dakika 10, na maombi yanayofika bila mpangilio, kwa wastani moja kila dakika 12 na nusu. Mashine hiyo itakuwa kazini asilimia 80 ya muda, na mtu akiangalia takwimu hiyo atadhani nafasi ipo ya kutosha. Kumbe, ikiwa muda wa ujenzi nao unabadilika-badilika kama kawaida ya mifano hii, wastani wa kungoja kwenye foleni pekee unafika dakika 40. Weka mahali pake mashine yenye kasi maradufu: ujenzi unashuka hadi dakika 5, mashine inakuwa kazini asilimia 40, na foleni inashuka hadi dakika 3 na sekunde 20. Kasi imeongezeka mara mbili, foleni imepungua mara 12.

Sasa linganisha na kununua mashine ya pili inayofanana na ile ya kwanza, yaani mbili za polepole badala ya moja ya haraka. Foleni inapungua zaidi, hadi chini kidogo ya dakika 2, lakini kila ujenzi bado unachukua dakika 10, hivyo mtumaji anapata jibu baada ya karibu dakika 12, wakati kwa mashine moja ya haraka angelipata baada ya dakika 8 na sekunde 20. Anayechukia kuona neno "inasubiri" kwenye skrini atapenda mbili. Anayetaka jibu mapema achukue moja ya haraka. Uzuri wa mashine mbili unajitokeza pale moja inapoharibika, na hilo si suala la kasi.

Niongeze kwamba kasi hiyo maradufu haipatikani kwa kuongeza kore mara mbili tu. Kwa kanuni aliyoitoa Gene Amdahl mwaka 1967, ikiwa asilimia 40 ya ujenzi wa dakika 10 haigawanyiki, kore 2 zinaushusha hadi dakika 7, kore 4 hadi dakika 5 na nusu, na hata ukipewa kore zisizo na idadi hutashuka chini ya dakika 4.

Kitete_Umeme

Mmeongea vizuri, lakini hakuna aliyegusa umeme. Umeme ukikatika katikati ya ujenzi, kazi ile huhesabiwa kuwa imeshindwa na lazima irudiwe. Ukikatika kabla, kazi hukaa kwenye foleni ikingoja mashine yenu, na GitHub huitupa ikipita saa 24 bila kuchukuliwa. UPS (betri ya dharura) ya kompyuta haitoshi kama ruta haijaunganishwa nayo, na nimeona ofisi kadhaa ambazo zimesahau hilo.

Wengine hukimbilia kompyuta mpakato kwa sababu ya betri yake. Kwa mtu anayejali kasi, huo ni mtego wa aina nyingine: ile GHz iliyoandikwa kwenye boksi ni kilele cha muda mfupi, na mpakato mwembamba ukiubebesha ujenzi mfululizo katika joto la Tabora la mwezi Oktoba, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Msiipime kwa jaribio la sekunde kumi. Endesheni ujenzi wenu halisi mara nyingi mfululizo, kisha mlinganishe wa kwanza na wa mwisho.

FundiIsevya

Nashukuru sana. Dada Binti_Kasulu, mfano wako umenionyesha kwa nini jioni, wote tunapotuma msimbo kwa pamoja, hali huwa mbaya kuliko wastani wa siku unavyosema. Swali dogo kabla sijaamua: kuna anayependekeza Raspberry Pi 5, kwa kuwa inakula umeme kidogo na inaweza kuendeshwa kwa betri na sola. Je, inafaa?

MwangaKigoma

Kwa upande wa seva inaweza kufaa, kwa Android haifai. Prosesa yake ni Cortex-A76 ya GHz 2.4 yenye kore nne, na kwa majaribio mepesi inajitahidi. Lakini aapt2, kifaa kinachotayarisha rasilimali za programu ya Android, Google haikitoi rasmi kwa Linux ya ARM, kwa hiyo ujenzi utakwama kabla kasi haijawa hoja. Kikwazo hicho hicho kinazihusu mashine za ARM za wingu ambazo GitHub ilizifungulia hifadhi za wazi kwa majaribio Januari 2025.

Kuhusu seva ya kukodi Ulaya, ulizeni kwanza kama inaruhusu KVM (uwezo wa Linux wa kuendesha kompyuta pepe kwa kasi) ndani yake. Nyingi za bei nafuu haziruhusu, na bila hiyo simu ya kuigiza ya Android itatambaa kiasi kwamba majaribio yatakatika kwa kupitiliza muda. Zaidi ya hapo sina ubaya nayo: haina tatizo la umeme, inahifadhi kache yake, na inapandisha imeji kwa haraka.

Na msije mkasajili mashine ya ofisini kwenye hifadhi ya wazi. Mgeni yeyote anayeleta pendekezo la mabadiliko anaweza kuifanya iendeshe msimbo wake ndani ya mtandao wenu.

FundiIsevya

Basi tutagawa. Majaribio na APK vitajengwa kwenye kompyuta ya ofisini, ambayo haihitaji anwani ya IP ya wazi kwa sababu yenyewe ndiyo inayoifuata GitHub kupitia bandari 443, jambo linaloiwezesha kufanya kazi hata nyuma ya modemu ya kawaida. Imeji za Docker zitajengwa kwenye mashine za wingu, na kwa kuwa hizo hujengwa tu toleo linapokamilika, dakika 2,000 zitatosha. Ili kupunguza foleni ya jioni tutaweka `concurrency` yenye `cancel-in-progress`, mtu akituma mara ya pili kwenye tawi lile lile ujenzi wake wa zamani ukatishwe. Seva ya kukodi itasubiri bajeti.

Kitete_Umeme

Umeme ukikatika, GitHub haihamishi kazi yenyewe kutoka mashine yenu kwenda ya wingu. Jina la mashine msiliandike moja kwa moja kwenye `runs-on` (mstari unaochagua mashine ya kuendeshea kazi). Liwekeni katika kigeu cha hifadhi na mliite kupitia `vars`, ili yeyote mwenye ruhusa aweze kulibadilisha kwa simu yake akiwa hata nje ya ofisi. Kazi zitakazotumwa baada ya hapo zitakwenda wingu, na zile zilizokwisha kukaa kwenye foleni mtazifuta na kuzituma upya.